Kijitabu cha viunganishi cha shilingi 3,000: nunua, ila uwe na kalamu

Kurasa 40 za kopi, pini mbili za stepla ubavuni. Ndicho kijitabu wanachouziwa wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne kwenye steshenari kadhaa za katikati ya jiji, Mwanza.

Sura ya "na" peke yake inarudisha hela. Mifano ni ya soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, si ile ya baba analima, mama anapika. Katika "sato na sangara", "na" ni kiunganishi. Katika "sato ameliwa na paka" ni kihusishi kinachomtaja mtenda. Kipimo chake: geuza pande. "Sangara na sato" haibadili kitu, ila "paka ameliwa na sato" ni habari nyingine kabisa.

Kipimo hicho lakini kinateleza kwenye "Neema alikwenda Ukerewe na Juma", na kijitabu kimenyamaza. Hapo tazama kitenzi. "Alikwenda" ni cha mtu mmoja, kwa hiyo Juma ameambatana tu. "Neema na Juma walikwenda" ndiyo yenye kiunganishi.

Upatanisho umeelezwa vizuri kuliko kwenye vitini vingi: "kasia na wavu vimepotea". Vitu visivyo na uhai vya ngeli tofauti vikiungwa, kitenzi huchukua vi-. Wanaoandika "umepotea" wamefuata nomino iliyo karibu.

Ukurasa wa "bali" ufutwe. Umeifanya pacha wa "lakini", kisha ukatoa mfano "Anauza dagaa bali ni ghali". Hapana. "Bali" hutanguliwa na kanusho: "Hauzi sangara bali sato". Na mfano wa "Ingawa mvua ilinyesha, lakini kivuko kiliondoka" una viunganishi viwili kwa kazi ya kimoja, kata "lakini".

"Wala" na "ili" zimepewa mistari mitatu, inatosha. Ila kiambishi -ka- cha vitenzi hakimo kabisa, na ndiyo inayowaponza watoto: "Alishuka kivukoni, akapanda bodaboda" haihitaji "na" katikati, maana -ka- imeshaunga.

Michoro ya matawi ya sentensi ambatano (S1 + U + S2, yaani sentensi, kiunganishi, sentensi) ni sahihi, tatizo ni kopi ya kopi: U inasomeka V. Fungua michoro hiyo kabla ya kulipa, na ikiwa imefifia omba nakala nyingine.