Tulipohama Python 3.8 kwenda 3.10: tofauti niliyoiona kwenye makosa

Nafundisha kuandika programu kwa lugha ya Python, darasa la jioni hapa Sinza, kwenye laptopu za mtumba tulizonunua Kariakoo, nyingi zina RAM ya giga 4. Nikisifia kitu, nimekiona kikifanya kazi kwenye mashine dhaifu.

Wakati wa 3.8, mwanafunzi akiandika `bei = (1500 + 2000` akasahau kufunga mabano, kisha chini yake `print(bei)`, Python ilimwambia kosa liko mstari wa pili. Binti mmoja aliufuta mstari ule na kuuandika upya mara nne, ndipo akaniita: "Mwalimu, mbona huu uko sawa?" Na kweli ulikuwa sawa. Dakika ishirini zikaishia hapo, wenzake wanawaza kuwahi daladala.

Kwenye 3.10, toleo la 2021, kwa msimbo uleule unaonyeshwa mabano yenyewe, mstari wa kwanza, na unaambiwa hayakufungwa. Ukisahau nukta mbili baada ya `if`, zinatajwa.

Njia waliyotumia ndiyo iliyonikosha zaidi. Tangu 3.9 kichanganuzi cha Python, yaani sehemu inayosoma msimbo na kukagua sarufi yake, ni cha aina iitwayo PEG: kinajaribu kanuni moja ya sarufi, ikigoma kinarudi nyuma kujaribu nyingine. Kurudi-rudi huko kunaweza kula muda mwingi mno. Dawa yake ni kutunza majibu yaliyokwisha kupatikana, ila ukitunza yote, RAM ndiyo inayoumia. Basi wanatunza majibu ya kanuni chache walizozichagua. Na kanuni za kueleza makosa hazitumiki kabisa mara ya kwanza. Msimbo ukikataliwa, unasomwa upya tangu mwanzo, safari hii kanuni hizo zikiwa zimewashwa. Aliyeandika vizuri hacheleweshwi kwa ajili ya aliyekosea, na aliyekosea hata hahisi kwamba amesomwa mara mbili.

Kasoro ninayoiona: kinasimama kwenye kosa la kwanza la sarufi. Mwenye makosa matatu ataendesha programu mara tatu. Kwa anayeanza naona ni afadhali hivyo, lakini nikisahihisha kazi usiku nataka kuyaona yote. Hapo nafungua Neovim, programu ya kuhariri msimbo, yenye Tree-sitter, kichanganuzi kingine ambacho huliwekea kosa alama na kuendelea kusoma, ingawa hakikuelezi umekosea nini.

Mashine zote 12 za darasani nimeshazifuta 3.8.