Upasuaji wa kukaza shingo: njia zilizopo na anayefaa kwa kila moja

Huduma inayotangazwa kwa jina la upasuaji wa kukaza shingo si operesheni moja. Ndani ya jina hilo mna kufyonza mafuta kwa mrija mwembamba, mna kushona msuli wa mbele ya shingo, mna kukata ngozi iliyozidi nyuma ya masikio, na mna upasuaji wa ndani zaidi unaofika hadi kwenye tezi za mate. Mtu anayeingia kliniki na picha ya shingo anayoitamani, kisha akatoka na tarehe ya kupasuliwa bila kujua ni ipi kati ya hizo atakayofanyiwa na kwa sababu gani, amenunua jina tu. Ndiyo maana tathmini hii inazipima njia zote kwa kigezo kimoja: je, inatibu tabaka lile hasa lililozeeka?

Shingo haizeeki yote kwa mpigo mmoja. Ngozi hupoteza kolajeni na elastini, protini zinazoipa uimara na unyumbufu, ikalegea na kujikunja. Chini yake mna mafuta, na chini ya mafuta hayo mna platisma, msuli mpana na mwembamba unaopanda kutoka juu ya kifua, ukavuka mitulinga na kuishia kwenye taya na sehemu ya chini ya uso. Kadiri miaka inavyokwenda, kingo za mbele za msuli huu huachana na kulegea, na hapo ndipo zinapojitokeza zile kamba mbili za wima zinazoanzia chini ya kidevu. Nyuma ya platisma mna mafuta mengine tena, pamoja na misuli midogo ya chini ya kidevu na tezi mbili za mate zilizojibanza chini ya taya, ambazo kwa baadhi ya watu hushuka na kuonekana kama uvimbe laini pembeni.

Kabla ya kumwona daktari, mtu anaweza kuyachunguza mengi ya haya mwenyewe. Asimame mbele ya kioo, mwanga ukitoka ubavuni, afinye kwa vidole viwili kinachoning'inia chini ya kidevu, kisha aume meno na kuvuta pembe za mdomo kuelekea chini kwa nguvu. Msuli ukikaza hivyo, mafuta yanayobaki katikati ya vidole ni yale yaliyo juu yake. Yanayoponyoka na kutoweka yamo chini yake, na mrija wa kawaida wa kufyonza hautayafikia. Kamba za wima nazo zitajichora wazi. Uchunguzi huu hauchukui nafasi ya macho na mikono ya mpasuaji, lakini daktari bingwa makini atamfanyia mgonjwa zoezi hilohilo, na asiyemgusa kabisa shingo kabla ya kumpendekezea operesheni hastahili kuaminiwa.

Njia inayouzwa kwa wepisi kuliko zote ni kufyonza mafuta. Mpasuaji hudunga maji yenye dawa ya ganzi na adrenalini ili kupunguza damu, hutoboa tundu la milimita chache chini ya kidevu na wakati mwingine nyuma ya ndewe za masikio, kisha huyavuta mafuta ya juu ya msuli. Kwa mtu ambaye ngozi yake bado inavutika na kurudi, na ambaye tatizo lake ni mafuta tu, matokeo huwa mazuri sana kwa kovu lisiloonekana. Hata hivyo, huyo si mtu mwenye shingo iliyozeeka. Ngozi iliyolegea ikiondolewa mafuta yaliyokuwa yakiijaza hulegea zaidi, na kamba za msuli zilizokuwa zimefichwa na mafuta hayo hujitokeza. Likizidi kufyonzwa eneo la katikati, hubaki bonde chini ya kidevu lililozungukwa na kingo mbili za msuli, kasoro ambayo kuirekebisha ni vigumu kuliko tatizo la awali. Kwa maoni yangu, kumpa ufyonzaji wa mafuta peke yake mtu mwenye miaka sitini na ngozi inayoning'inia ni kumkosea, hata kama bei ni ndogo na anarudi nyumbani siku hiyohiyo.

Kiini cha matibabu ya shingo iliyozeeka ni kushughulikia platisma. Mpasuaji hufungua mkato wa takriban sentimita tatu katika mkunjo wa chini ya kidevu, huinua ngozi, huzitafuta kingo mbili za msuli zilizoachana na kuzishona pamoja katikati, kutoka chini ya kidevu hadi karibu na kikoromeo. Mwaka 1990 mpasuaji wa Marekani Joel Feldman alieleza namna ya kuushona msuli huo kwa mshono mrefu unaoendelea, unaoibana shingo yote mbele, na wazo lake lingali linatumika kwa sura mbalimbali. Wapo wanaokata pia kamba hizo kwa upande katika sehemu ya chini ili zisijivute tena. Wengine hupendelea kuvuta ukingo wa nyuma wa msuli kuelekea nyuma ya sikio na kuufunga kwenye tishu ngumu za pale, badala ya kufungua mbele. Wapasuaji hubishana sana kuhusu kuvuta nyuma au kushona mbele, na hoja za pande zote mbili zina uzito. Kwa mgonjwa, jambo la kuuliza ni kama kamba zake ni nene na zimeachana katikati, kwa kuwa hizo mara nyingi hazitoweki bila kufunguliwa mbele.

Msuli ukishakazwa, inabaki ngozi. Ikiwa imezidi kidogo tu, itajipanga yenyewe juu ya umbo jipya. Ikiwa imezidi sana, lazima ikatwe, na mkato huanzia kwenye ndewe ya sikio, ukapanda katika mkunjo wa nyuma yake na kuingia kwenye nywele za kisogo au kufuata ukingo wake. Ubora wa mpasuaji huonekana hapa kuliko mahali pengine popote. Ndewe inapaswa kuning'inia huru kama zamani. Ikivutwa chini na kushikamana na shavu, ngozi ilivutwa kwa nguvu iliyopita kiasi. Mstari wa nywele nyuma ya sikio haupaswi kukatika kama ngazi. Anayetaka kumpima daktari kwa picha za wagonjwa wake aombe kuona picha za nyuma ya masikio, wala asiridhike na zile za ubavuni peke yake, zilizopigwa kidevu kikiwa kimeinuliwa kidogo kuliko katika picha ya kwanza.

Kuvuta ngozi bila kugusa kilicho chini yake ndiyo iliyokuwa njia ya kale, na haikudumu, kwa sababu ngozi hunyumbuka tena na kovu hupanuka. Mabadiliko yalikuja miaka ya 1970, mpasuaji Tord Skoog wa Sweden alipoeleza mwaka 1974 namna ya kuinua ngozi pamoja na tabaka la chini yake, na mwaka 1976 Wafaransa Mitz na Peyronie walipoieleza tishu inayoiunganisha misuli ya uso, ambayo huendelea moja kwa moja hadi kwenye platisma. Mwendelezo huo unaeleza pia kwa nini shingo haiwezi kutenganishwa na taya. Mwenye mashavu yaliyoshuka na kufunika mstari wa taya akikazwa shingo pekee, atapata shingo mpya chini ya taya ileile iliyolegea. Daktari anayemshauri mtu wa namna hiyo aunganishe operesheni ya shingo na ya kuinua sehemu ya chini ya uso hamwongezei gharama bure.

Kuhusu upasuaji wa ndani kabisa, unaopunguza mafuta ya nyuma ya platisma, misuli ya chini ya kidevu au sehemu ya tezi za mate, nina tahadhari. Kwa shingo nene ambayo haina pembe hata baada ya mafuta ya juu kutoka, ndiyo njia pekee ya kupata umbo, na mikononi mwa mzoefu hutoa matokeo ambayo njia nyingine haziwezi. Hata hivyo, damu ikivuja katika kina hicho inaweza kubana njia ya hewa, na tezi iliyokatwa inaweza kuvujisha mate chini ya ngozi kwa siku kadhaa. Asikubali mtu kufanyiwa hivyo na daktari ambaye hufanya operesheni hiyo kwa nadra.

Kuna njia moja zaidi inayosahaulika: kukata ngozi iliyozidi mojakwamoja mbele ya shingo na kuishona kwa mstari uliopindwapindwa ili kovu lisijikaze. Humfaa hasa mwanaume mwenye umri mkubwa, mwenye ngozi nyingi, asiyetaka operesheni ndefu na asiyejali kovu linaloonekana. Mwenye historia ya keloidi, yaani kovu linalovimba na kukua kupita jeraha lenyewe, aiepuke kabisa, na hata kwa mikato ya nyuma ya sikio amweleze daktari mapema, kwa kuwa masikio ni mahali ambapo keloidi hupenda kuota.

Sindano hazimo katika kundi hili, ingawa hutajwa pamoja nalo. Asidi ya deoksikoliki iliidhinishwa na FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, mwaka 2015 kwa kuyeyusha mafuta ya chini ya kidevu, na Botox iliidhinishwa na shirika hilohilo mwaka 2024 kwa kulainisha kamba za platisma. Zote zina kazi yake. Hakuna hata moja inayoondoa ngozi.

Matarajio nayo yanahitaji kipimo. Mwaka 1980 wapasuaji Ellenbogen na Karlin waliorodhesha alama za shingo ya ujana, zikiwemo mstari wa taya ulio wazi na pembe ya nyuzi 105 hadi 120 kati ya kidevu na shingo. Si kila mtu anaweza kuifikia pembe hiyo. Mfupa wa hioidi, ule mdogo ulio juu ya kikoromeo, ukiwa umekaa chini na mbele, hakuna mshono utakaoupandisha, na kidevu kikiwa kimerudi nyuma, huenda kipandikizi cha kidevu kikamsaidia mtu huyo kuliko kuvutwa ngozi.

Kipindi cha kupona hutegemea kilichofanyika. Baada ya operesheni kamili, inayofanywa kwa nusukaputi au kwa ganzi pamoja na dawa ya kumtuliza mgonjwa, mtu huamka na bandeji inayobana, pengine na mirija ya kutolea majimaji kwa siku moja au mbili. Hulala chali, kichwa kikiwa kimeinuliwa, bila kugeuza shingo. Nyuzi nyingi hutolewa ndani ya wiki ya kwanza au ya pili, na wengi hurudi kwenye shughuli nyepesi baada ya wiki mbili hivi, lakini ganzi chini ya kidevu na kwenye masikio huendelea kwa wiki au miezi, na umbo la mwisho husubiriwa kwa miezi kadhaa.

Hatari inayotokea zaidi ni damu kuvilia chini ya ngozi, aghalabu ndani ya saa 24 za kwanza, na huwapata zaidi wanaume na wenye shinikizo la juu la damu. Dalili yake ni bayana kwa anayeijua: upande mmoja unavimba kuliko mwingine, unakuwa mgumu, na maumivu yanaongezeka badala ya kupungua. Hilo halisubiri asubuhi. Neva inayoipa sehemu ya chini ya sikio hisia inaweza kujeruhiwa, na tawi la neva ya uso linaloshusha mdomo wa chini likiguswa, tabasamu huenda upande, mara nyingi kwa muda tu. Mvutaji wa sigara hukabiliwa na hatari ya ngozi kufa nyuma ya masikio, kwa kuwa nikotini huibana mishipa midogo ya damu ambayo ngozi iliyoinuliwa huitegemea. Aache kwa wiki nne au zaidi kabla ya operesheni na aendelee kuacha hadi apone, na viraka vya nikotini na ubani wa kutafuna wenye nikotini vinahesabiwa vilevile. Aspirini, ibuprofeni, vitamini E na mafuta ya samaki huweza kuongeza uvujaji wa damu na kwa kawaida husimamishwa mapema, lakini anayetumia dawa za moyo au za kuzuia damu kuganda asiache chochote bila daktari aliyemwandikia.

Kwa hiyo, katika mazungumzo na mpasuaji, maswali ya maana ni machache. Aeleze ni tabaka gani analoliona limezeeka na atalifanyia nini. Aonyeshe kwa kidole mahali kila kovu litakapokaa. Aseme kama ana mafunzo na cheti cha upasuaji rekebishi au wa uso, na operesheni ya aina hiyo huifanya mara ngapi. La mwisho, aandike namba atakayoipokea yeye mwenyewe au daktari mwenzake saa nane za usiku wa kwanza, na aeleze ni chumba kipi cha upasuaji kitakachokuwa wazi saa hiyo iwapo shingo itavimba.