Uzoefu wangu: duka la ushirika la wanafunzi hapa Mtwara

Nipo mwaka wa pili, nimepanga chumba na mwenzangu Mtwara mjini. Mwaka wa kwanza wote bumu, yaani pesa ya kujikimu ya mkopo wa wanafunzi, lilikuwa linakata mapema na mimi najilaumu bure. Kumbe nilikuwa nanunua vibaya: leo unga robo, kesho mafuta ya kupima ya mia tano, maharage kwa kopo. Na kopo lenyewe limebonyezwa kitako kikaingia ndani.

Muhula huu mwenzangu akanipeleka kwenye duka la chakula la ushirika wa wanafunzi. Nikatoa kiingilio, nikanunua hisa moja, nikaomba maharage ya elfu tatu. Dada aliyekuwa zamu akaweka bakuli tupu kwenye mizani, akairudisha sifuri, akamimina, halafu akaigeuzia kwangu nisome mwenyewe. Nilipoyapepeta nyumbani nilikuta mawe mawili tu.

Kwa mtoto wa Tandahimba kama mimi, ushirika ni neno la korosho. Tangu stakabadhi ghalani ianze kwetu msimu wa 2007/2008, mzigo unapelekwa AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, unapimwa, unakaa ghalani kusubiri mnada. Namkumbuka baba alivyokuwa anakodolea macho mizani gunia likipandishwa. Sikuwahi kuwaza kwamba hata walaji wanaweza kuungana, wakachanga, wakanunua gunia zima badala ya kila mtu kwenda sokoni na kibakuli chake.

Mahindi na maharage yetu yanatoka Songea, makopa (mihogo iliyokaushwa) na mbaazi Newala. Kila mwanachama ana kura moja, hata awe na hisa kumi, na ziada inagawiwa kulingana na ulivyonunua. Mwenyekiti alituambia utaratibu huo ni wa wafumaji wa Rochdale, Uingereza, mwaka 1844.

Halafu kuna zamu, mbili kwa mwezi. Yangu ni kuchambua makopa, na hii ndiyo faida ambayo sikuitegemea. Unalivunja kopa, unalinusa: likiwa jeupe hadi ndani na halina harufu ya ukungu, linakwenda mashineni. Lenye madoa meusi linawekwa pembeni. Ugali ninaokula sasa naujua ulikotoka.

Kwenye daftari langu, chakula cha mwezi cha watu wawili kilichokuwa kinatugharimu 130,000 sasa hakizidi 95,000.

Malalamiko ninayo. Duka linafungwa saa 11 jioni, mwenye kipindi cha jioni anakosa. Mwezi uliopita mafuta ya alizeti yaliisha wiki nzima bila taarifa, nalo hilo nimelisema kwenye mkutano. Samaki hawauzi, kwa hiyo dagaa bado nawafuata sokoni.

Ukija, beba vyombo vyenye mfuniko, maana mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 2019 na hapa hawakufungii kitu kwenye gazeti. Ukipita Jumamosi asubuhi, ulizia kwenye makopa, utanikuta.