Maganda ya isabgol kwa tumbo lililopita kwenye mionzi: nyota nne, kwa masharti

Duka la dawa huyapanga rafu moja na dawa za kulainisha choo, ndiyo maana mtu anayeharisha akipewa isabgol hudhani muuzaji hakumsikia. Alimsikia. Maganda haya ya mbegu za Plantago ovata, zao linalolimwa sana Gujarat na Rajasthan, hufyonza maji yakawa ute kama mlenda: choo kigumu hulainika, cha majimaji hushikana. Kwa waliochomwa mionzi ya nyonga, iwe kwa saratani ya mlango wa kizazi au ya tezi dume, faida yake kubwa ni kupunguza ile haja ya ghafla isiyosubiri choo kipatikane.

Nunua yaliyo matupu, meupe, mepesi kama pumba laini. Yaliyosagwa kuwa unga huganda mabonge upesi. Ya ladha ya chungwa soma kwanza kibandiko: sukari huongezwa nyingi, na sorbitoli, kitamu kinachotumika badala ya sukari, yenyewe huharisha.

Anza na kijiko kimoja cha chai, bapa, mara moja kwa siku. Mimina kwenye glasi ya maji ya mililita 250, koroga, kunywa palepale, kisha shushia maji mengine. Ukiiacha glasi uende kupokea simu, ukirudi utakuta ute unaovutika, na hapo wengi humwaga. Kaa na kipimo hicho siku tatu au nne kabla ya kuongeza. Wanaoanza na vijiko vitatu hujaa gesi siku ya pili, wakaitupa pakiti. Dawa nyingine zipishe saa mbili, kwa kuwa ute huu huzizuia kufyonzwa, na usinywe ukiwa unakwenda kulala. Kuyabwia makavu ni hatari kabisa: huvimba kooni.

Kuna wanaoyakoroga kwenye maziwa, halafu lawama ziende kwa maganda. Mionzi huchubua ukuta wa utumbo, na uwezo wa kusaga sukari ya maziwa hupungua. Wengi huvumilia mtindi kuliko maziwa ya kawaida.

Nyota moja tumeipunguza kwa sababu pakiti haisemi lolote kuhusu utumbo uliopita kwenye mionzi. Miezi au miaka baada ya tiba, makovu yanaweza kuubana utumbo, na kitu kinachovimba kikakwama hapo. Tumbo likisokota na kujaa, ukitapika, au hewa ya tumboni isipotoka, acha mara moja uende hospitali. Aliyechomwa mionzi ya kifua au shingo na anameza kwa shida asiyaguse.

Choo cha njano, chenye mafuta, kinachoelea, mara nyingi ni nyongo au mafuta yasiyofyonzwa; mwulize daktari kuhusu kolestiramini, dawa inayonasa nyongo utumboni. Damu usiiite bawasiri kabla ya kupimwa. Na maganda hayarudishi maji yaliyopotea: siku ya kuharisha sana, pakiti ya ORS kwenye lita moja ya maji safi ndiyo ya kwanza.