Ruger Super Redhawk .44 Magnum: kuutoboa mtutu au kuuacha?

Naanza na bastola yenyewe, maana inastahili sifa. Super Redhawk ipo sokoni tangu 1987 na Ruger hawajaona haja ya kuibadilisha sana. Yangu inatumia .44 Magnum, aina ya risasi kubwa yenye nguvu, mtutu wa inchi 7.5, chuma kisichoshika kutu, risasi sita, na uzito wa kilo moja na nusu hivi kabla hujaweka darubini. Darubini inafungwa kwenye fremu yenyewe, si juu ya mtutu, kwa hiyo haichezi hata ukipiga risasi nzito mchana kutwa. Naiwindia nguruwe pori na kulungu wa mkia mweupe kusini mwa San Antonio, Texas, kwenye shamba la rafiki wa mume wangu. Kwa kazi hiyo sijaona kitu cha kuilaumu.

Ila ukiwa na rivolva kama hii, yaani bastola ya silinda inayozunguka, hutakosa mtu wa kukuambia uitoboe. Kwangu alikuwa shemeji. Yeye ana Super Redhawk kama yangu, .44 vilevile, mtutu uleule, ila ya kwake ina matundu mawili karibu na mdomo, moja kila upande wa kilengeo cha mbele. Gesi ya baruti ikifika pale inaruka juu, na kwa kuruka juu inaukandamiza mdomo wa mtutu chini. Kazi ya kutoboa ikifanywa na anayeijua ni nzuri sana. Mag-na-port wa Michigan, ambao jina lao ndilo kubwa kwenye shughuli hii, hawatumii keekee. Chuma kinaliwa kwa cheche za umeme, na tundu linatoka safi bila mabaki ya chuma kuning'inia ndani ya mtutu.

"Shem, ukiijaribu hii hutaitaka tena ya kwako," aliniambia. Tukaenda uwanja wa shabaha na bastola zote mbili, na risasi za boksi moja, greni 240 (greni ni kipimo cha uzito wa risasi).

Mdomo wa mtutu wa kwake kweli haupandi sana. Wangu unapanda hadi sioni tena karatasi; wake unapanda kidogo na kurudi, na ukitaka kupiga ya pili haraka, tofauti unaiona. Lakini teke lile linaloingia kwenye kiganja na kupanda hadi kwenye kiwiko, kwangu lilikuwa karibu sawa. Nalo lina sababu. Risasi ya greni 240 ni kama gramu 15 na nusu, na baruti inayoisukuma ni kama gramu moja na nusu tu. Sehemu kubwa ya teke inatokana na risasi yenyewe kwenda mbele, na tundu haligusi hilo. Linachogusa ni ile gesi, na kwenye .44 gesi si nyingi.

Halafu kuna mlio. Hapa ndipo mimi na shemeji tunapoachana, na sifichi kwamba kazi yangu imechangia: napima usikivu hospitalini. Mlio wa ghafla unaozidi desibeli 140 unahesabiwa kuwa hatari kwa sikio, na .44 Magnum inavuka kiwango hicho mbali hata bila matundu. Ukiweka matundu, sehemu ya mlipuko inatoka karibu zaidi na uso wa mpigaji na inaelekea juu badala ya kwenda mbele. Shemeji alipopiga nikiwa nimesimama pembeni yake, nimevaa vizibo na vikinga masikio juu yake, niliusikia upepo ukinigonga shavuni. Alipomaliza, kilengeo cha mbele kilikuwa cheusi kwa masizi, chote, ile nyekundu yake haionekani, ikabidi akifute na kitambaa.

Sasa hamishia jambo hilo kwenye kibanda cha kuvizia. Chetu ni cha mbao, paa la bati, dirisha jembamba. Ukitoa mtutu nje yote, sawa. Lakini nguruwe hawakai ulikopanga wapite, na mara nyingine unapiga mdomo ukiwa umetoka kidogo tu, matundu yakiwa chini ya paa. Mlipuko unagonga bati na kukurudia wewe na mtoto wako aliyekaa kando. Na wawindaji wengi, nawaona kila wiki kazini, hawavai kitu masikioni porini kwa sababu wanataka kusikia mnyama akikanyaga majani. Vinyweleo vya sikio la ndani vikishakufa havioti tena. Wanakuja kwangu na mlio usiokoma usiku, na sina dawa ya kuwapa. Kizuia sauti kama wanachofunga kwenye bunduki za nguruwe hakisaidii rivolva, maana gesi inavuja pia kwenye ule mwanya kati ya silinda na mtutu.

Jambo jingine ambalo watoboaji hawalitaji sana: matundu hayakusaidii kwenye risasi ya kwanza. Mtutu unapopanda juu sana, risasi imeshaondoka. Mwindaji wa kulungu anaishi kwa risasi ya kwanza. Nami ninapovuta nyundo kwa dole gumba kabla ya kila risasi, muda wa kuurudisha mtutu ninao. Ukitumia risasi za madini ya risasi peke yake, zile za kumimina zisizovikwa shaba, jua pia kwamba mabaki yake yatajikusanya kwenye matundu, na utayakwangua.

Simwambii kila mtu aache. Kwenye .454 Casull, aina nyingine ya risasi ya rivolva, yenye presha ya juu inayofika psi (pauni kwa inchi ya mraba) 65,000 dhidi ya 36,000 za .44, gesi ina nguvu ya kutosha kufanya kazi ya maana. Smith & Wesson wenyewe walipoitoa .500 yao 2003 waliiwekea kipunguza teke mdomoni, na ilistahili. Mwenye ugonjwa wa viungo vya mkono naye ana sababu yake, ilimradi avae vikinga kila mara na asipige chini ya paa.

Kwa .44 ya kilo moja na nusu, hapana. Tundu likishatobolewa halizibiki. Fedha niliyokuwa nimetenga nilimpelekea fundi bunduki alainishe kifyatuo, nikafunga mpini wa mpira wa Hogue unaofunika mkono vizuri zaidi, na iliyobaki nikanunua vikinga masikio vya umeme viwili, vile vinavyokuza sauti ndogo na kuziba kubwa. Nikiwa navyo namsikia nguruwe akifukua kabla mume wangu hajamwona. Mazoezi nafanya na .44 Special, risasi zenye teke dogo zaidi, zinaingia kwenye silinda ileile na mkono hauchoki.

Rivolva: nyota tano. Kuitoboa: nyota mbili, na zote mbili ni kwa ajili ya mtutu usiopanda.