Ofisi ya bure kwenye laptop: ipi uweke, ipi uachane nayo

Watu wengi wakinunua laptop used, kitu cha kwanza wanachomwambia fundi ni "niwekee na Word", fundi anaweka, anachukua elfu zake kadhaa, mchezo umeisha. Sasa ile Word mara nyingi ni ya kreki, yaani ya wizi iliyovunjwa leseni, na ili kreki ikubali kukaa inabidi antivairasi izimwe kwanza, yaani mashine hiyohiyo unayoingilia benki na email ya kazini unairuhusu ipokee programu ya mtu usiyemjua, halafu unazima kitu pekee ambacho kingeikagua. Hiyo inaniumiza sana kwa sababu hamna ulazima. Word ya halali, ile Microsoft 365 ya mtu mmoja, huko Marekani inauzwa dola 99.99 kwa mwaka, na ukiacha kulipia unabaki kusoma na kuprinti tu, kuhariri hakuna. Kama kazi yako inaihitaji na hela unayo, lipia. Ila kama huna, kuna programu za ofisi za bure za chanzo huria, yaani msimbo wake uko wazi kwa yeyote, halali kabisa, na nimezipanga hapa kwa mpangilio ambao ningemwambia ndugu yangu wa damu.

Jiulize kwanza, mafaili yako yanaenda kwa nani? Mtu anayeandika barua, mitihani, mahesabu ya duka au ya kikoba, anaprinti au anatuma PDF, huyo yuko huru kuliko anavyodhani. Mtu ambaye faili lake linaenda kwa msimamizi wa chuo, linarudi na maoni pembeni, linaenda tena, na kila mtu kule anatumia Word, huyo ana hesabu nyingine. Namba moja na namba mbili hapa chini zinabadilishana nafasi kutegemea wewe ni yupi kati ya hao.

1. LibreOffice

Kwa watu wengi hii ndiyo yenyewe. Asili yake ni StarOffice ya Ujerumani, kampuni ya Sun ikainunua 1999, ikafungua msimbo wake ikawa OpenOffice.org, halafu 2010 kampuni ya Oracle ikainunua Sun na watengenezaji wengi wakajitoa wakaanzisha The Document Foundation na LibreOffice mwezi Septemba mwaka huohuo. Tangu hapo wanatoa matoleo makubwa mawili kwa mwaka, na kuanzia 2024 namba zinafuata mwaka na mwezi, kwa hiyo 24.2 ni ya Februari 2024, ukiona mtu anakupa flashi yenye 5 au 6 ujue hiyo ni ya kale, usiipokee.

Ndani unapata Writer badala ya Word, Calc badala ya Excel, Impress ya slaidi, Draw ya michoro, Base ya kanzidata na Math ya fomula. Walimu hasa waiangalie Math, maana sehemu na vipeo vinakaa vizuri kwenye mtihani bila kuhangaika kuchora mstari katikati ya namba. Na Draw inafungua PDF ukarekebisha neno moja moja, sio kwa usafi wa asilimia mia lakini kwa kubadilisha tarehe kwenye fomu inatosha.

Kiswahili humo kina historia yake. Mwaka 2004 pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, ofisi nzima yenye menyu za Kiswahili, enzi ambazo wengi walikuwa hawaamini kompyuta inaweza kuongea lugha yetu. Leo LibreOffice ina kamusi ya tahajia ya Kiswahili, ila wakati wa kuinstoo chagua Custom badala ya kubonyeza Next Next Next, uitiki kwenye orodha ya kamusi, kisha ukiwa ndani nenda Tools, Language, uweke maandishi yote yawe Kiswahili. Usipofanya hivyo ukurasa mzima utajaa mistari myekundu chini ya kila neno na utaona programu ni mbovu.

Vitu viwili vya kubadilisha siku ya kwanza. Kama umezoea sura ya Word, ingia View, User Interface, chagua Tabbed, vitufe vinajipanga juu kama ulivyozoea. Cha pili ndicho muhimu zaidi: Tools, Options, Load/Save, General, pale pa Always save as chagua muundo wa Word, na urudie kwa Excel na PowerPoint. Bila hivyo utasevu kwenye ODF, muundo mzuri tu na wa kimataifa, lakini dada wa steshenari akilifungua kwenye mashine yake anaweza kukwambia faili lako limeharibika.

Udhaifu wake sasa. Chukua CV ya kurasa mbili iliyoandikwa Word kwa Calibri, ina jedwali lisiloonekana linaloshikilia tarehe upande wa kushoto. Ukiifungua kwenye Writer, kwenye Windows Calibri huwa ipo tayari, ila kwenye Linux (mfumo wa bure unaokaa badala ya Windows) haipo, kwa hiyo inawekwa fonti ya Carlito, ambayo herufi zake zina upana uleule, mistari inakatika palepale na kurasa zinabaki mbili. Ila kama imeandikwa kwa Aptos, fonti mpya ya Word, hamna mbadala wa vipimo hivyo, mistari inasogea na wadhamini wako wanaweza kuhamia ukurasa wa tatu. Ndiyo maana CV tuma PDF, siku zote, hata kama unatumia Word ya kulipia. Na zile Excel za ofisini zenye makro nyingi (vijiprogramu vinavyofanya kazi zenyewe ndani ya faili), baadhi zitagoma kwenye Calc, hapo usijidanganye, jaribu kabla hujaahidi kazi.

2. ONLYOFFICE

Hii inatoka kampuni iliyosajiliwa Riga, Latvia, na kwa mtu ambaye docx (faili la Word) linaenda na kurudi mimi naiweka namba moja. Imejengwa kuanzia chini ikitumia miundo ya Microsoft yenyewe, docx, xlsx na pptx, kwa hiyo maoni ya pembeni, marekebisho yanayofuatiliwa na majedwali yanatulia zaidi. Sura yake inafanana na Word kiasi kwamba mtu wa ofisini anakaa anaanza kazi bila kuuliza. Mafaili yote yanafunguka kama tabo ndani ya dirisha moja, hiyo wengine wanaipenda, mimi naona sawa tu. Inakosa vitu vya pembeni kama Base, na kwenye hati ndefu sana napendelea Writer kwa sababu mitindo ya vichwa na namba za kurasa inanitii zaidi. Wanafunzi wa chuo mnaoandika ripoti na msimamizi wenu anakomenti kwenye Word, anzeni hapa.

3. Collabora Office, kwa simu

Injini yake ni ileile ya LibreOffice, ipo Android na iPhone. Kwa kurekebisha kitu kidogo ukiwa kwenye daladala inafaa, kuandika ripoti nzima kwa kidole gumba hapana.

4. AbiWord na Gnumeric

Za mashine iliyochoka, ramu GB 1 au 2, na uwe umeweka Linux. Nyepesi sana, Gnumeric kwa mahesabu ni makini kweli. Kwa Windows zisahau.

Za kuachana nazo

Apache OpenOffice jina lake bado ni kubwa ndio maana watu wanaifuata, lakini 4.1 ilitoka 2014 na mpaka leo wanaongeza viraka tu juu ya hiyohiyo, na haisevu docx, inafungua tu. WPS ni ya bure ndiyo ila sio chanzo huria na ina matangazo, sasa kama umeamua kuhama basi hama kweli.

Kuhusu bando, LibreOffice ya Windows ni zaidi ya MB 300, shusha mara moja kutoka libreoffice.org yenyewe, sio tovuti zinazojiita za kudaunlodi bure, kisha iweke kwenye flashi. Leseni inaruhusu uigawe, kwa hiyo flashi moja inatosha shule nzima na hakuna anayevunja sheria. Na kabla hujafuta Word ya zamani, chukua faili lako gumu kuliko yote, lile lenye majedwali na letterhead na mihuri, lifungue kwenye programu mpya, lisevu, kisha mtumie mtu mwenye Word akurudishie picha ya skrini uone limefikaje.