DVD tano za Kibuye kwa shilingi 500, na moja haikuwemo

Mwuzaji alinionya mapema, sitamsingizia. "Siste, hizo hazina ngumi," aliniambia huku akizipangusa vumbi kwa mkono wa shati. "Mzungu wa Milimani alihama akaniuzia na viti. Zimekaa hapa tangu Pasaka." Zilikuwa tano, zimefungwa pamoja kwa ukanda wa mpira wa baiskeli, katikati ya pasi mbovu na rimoti zisizo na wenyewe. Alianzia 150 kwa moja. Jumapili soko la Kibuye hapa Kisumu limejaa na jua linachoma, sikutaka maneno mengi, tukaelewana 500 kwa zote.

Kilichonivuta ni majina mawili mgongoni mwa kila kasha: Jean-Pierre na Luc Dardenne, ndugu wawili wanaoongoza filamu pamoja. Mimi na mdogo wangu tunapiga video za harusi na matanga kutoka Kondele hadi Luanda na Mbale za Vihiga, mwaka wa tisa sasa, na kila tunakokwenda swali ni lilelile: kati yenu mkubwa wa kazi ni nani? Wenye shughuli wanataka kujua watamlipa nani na watamgombeza nani. Nikaona hawa watu wawili wametia majina yao pamoja mara tano. Nikajiambia, lazima wana dawa.

Nianze na bidhaa yenyewe, maana ndiyo iliyonitoa jasho. Deki yetu ilizikataa zote. DVD za sinema hupewa namba za maeneo ya dunia. Ulaya Magharibi ni namba 2, sisi tumepangwa namba 5. Laptopu hukubali kubadilishwa namba, lakini mara tano tu, ikifika ya tano inaganda hapohapo. Tumetumia moja. Kama deki yako ni ya Kichina ya bei ya chini huenda haitajali hata kidogo. Yetu tuliinunua ghali, ndiyo maana inajidai.

Pili, kasha la L'Enfant, filamu iliyochukua Palme d'Or, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Cannes, mwaka 2005, lilikuwa na diski ya mazoezi ya yoga. Mama mmoja amelala kwenye mkeka, anapumua. Kwa hiyo hiyo siwezi kuisemea. Tatu, Le Fils haikuwa na maandishi ya Kiingereza chini, ila Kifaransa na Kiholanzi. Mdogo wangu alisoma Kifaransa hadi kidato cha pili, akajitolea kutafsiri, na baada ya dakika kumi akanyamaza. Si kwamba alishindwa. Yule fundi seremala hazungumzi! Anapima mbao, anafunga mkanda wa ngozi wa kukaza kiuno, anamtazama kijana mwanafunzi aliyeletwa kwake kujifunza kazi. Huyo kijana ndiye aliyemuua mtoto wake. Kijana hajui kwamba fundi ndiye baba wa huyo mtoto. Kuna mahali wanakula wamesimama, kijana anamwomba akadirie kwa macho umbali kati yao, kisha anapima kwa rula. Mzee amepatia. Tulikaa tumeshika vikombe vya chai vilivyopoa. Olivier Gourmet, anayecheza huyo fundi, alipewa tuzo ya mwigizaji bora Cannes mwaka 2002, na nusu ya filamu tunachoona ni kisogo chake.

Hapo ndipo penye ugomvi wangu nao kikazi. Kamera yao haina stendi, inamfuata mtu kwa nyuma kama mtoto anayemwandama mama sokoni. Rosetta inaanza na msichana anakimbia ndani ya kiwanda kwa hasira kwa sababu ameachishwa kazi, na sisi tunakimbia nyuma ya shingo yake hadi tunataka kutapika. Mimi nikimpelekea mteja wa Maseno video ya shingo ya bi harusi, atadai pesa zake pamoja na nauli. Lakini kufikia nusu saa nilikuwa nimeshajua anapoficha viatu vya mpira kabla ya kuingia kwenye kambi ya mabanda ya magurudumu anakoishi na mama yake mlevi, na nilikuwa nafanya hesabu naye: kazi ya kuuza waffle kibandani, mshahara, maji. Ungemweka Rosetta stendi ya basi ya Kisumu na beseni la maandazi usingebadilisha kitu. Émilie Dequenne, anayemcheza Rosetta, alikuwa na miaka 17 na hajawahi kucheza filamu. Mwaka huo wa 1999 filamu ikachukua Palme d'Or na yeye akachukua tuzo ya mwigizaji bora wa kike.

Kuhusu wenyewe: ni Wabelgiji, Jean-Pierre wa 1951 na Luc wa 1954. Filamu zao wamezipiga zaidi Seraing, mji wa chuma kando ya mto Meuse, ambao viwanda vyake vilidorora na watu wakabaki. Aliyepita kiwanda cha sukari cha Miwani akaona bomba lisilotoa moshi, au aliyekuwa na mjomba kwenye kiwanda cha karatasi cha Webuye, haombi maelezo zaidi. Walianza miaka ya 1970 wakipiga video za wafanyakazi na migomo yao. Filamu za kuigiza zilikuja baadaye, na ile ya 1992 hawakuipenda hata wao wenyewe. Walikuwa na watu wengi wa kuwasaidia, kila mmoja na desturi zake, na kazi ikawaponyoka mikononi.

Hapo mdogo wangu akasimamisha laptopu. "Harusi ya Maseno," akasema. Ndiyo, ile. Mimi namwambia bwana harusi asogee kulia, yeye anamwambia kushoto, baba mdogo wa bi harusi naye analeta ya kwake, na bwana harusi amesimama kama mlingoti.

Wenzetu walifanya nini? Mwaka 1994 walianzisha kampuni yao, Les Films du Fleuve, yaani za mtoni, wakarudi kwa kikosi kidogo. Miaka miwili baadaye ikatoka La Promesse. Kabla ya kupiga wanafanya mazoezi wiki nyingi, wao wawili na waigizaji tu, na kamera ndogo mkononi. Kubishana kunaishia huko. Siku ya kupiga, mmoja anakuwa karibu na waigizaji na mwingine anakaa kwenye skrini, kisha wanabadilishana. Na wanapiga hadithi kwa mpangilio wake, mwanzo hadi mwisho, jambo ambalo wengi hulikimbia kwa sababu ya gharama.

Tulilijaribu kwenye matanga ya Emuhaya. Tulienda Alhamisi na simu tu, tukatembea njia jeneza litakayopita, tukaangalia jua la saa nane litaangukia wapi, tukagombana chini ya mwembe hadi wenye boma wakatuletea maji wakidhani tumefiwa zaidi yao. Jumamosi yeye akakaa na skrini, mimi nikashika kamera, baada ya ibada tukabadilishana. Hakuna aliyesikia tukibishana. Kweli, vijana walihamisha hema usiku na mipango ya jua ikaharibika yote, lakini hiyo si kosa la Wabelgiji.

La Promesse nina neno nayo. Mfanyakazi kutoka Burkina Faso anaanguka kutoka jukwaa la ujenzi, mwenye nyumba anakataa kumpeleka hospitali kwa kuogopa wakaguzi, na kijana wake, Igor, amemwahidi marehemu kumtunza mkewe. Filamu nzuri, lakini Mwafrika amekufa mapema ili kijana mzungu apate dhamiri. Kinachoiokoa ni Assita Ouedraogo anayecheza mjane. Akimtazama mtu, mtu hutafuta pa kuweka mikono.

Ukipata moja tu, chukua Deux jours, une nuit ya 2014. Marion Cotillard ni Sandra, wa kiwanda cha paneli za sola. Wenzake 16 wamepigishwa kura: yeye abaki kazini au kila mmoja apate bonasi ya yuro 1,000. Wamechagua bonasi. Kura itarudiwa Jumatatu, kwa hiyo ana Jumamosi na Jumapili za kwenda mlango kwa mlango. Anarudia maneno yaleyale kila mlango, na ndipo utamu ulipo, kwa sababu sisi tunajua hizo ziara. Nimebisha milango Kondele na bahasha ya harambee ya bili ya hospitali. Nawajua wanaozima redio wajifanye hawapo, na anayekosa lakini anakutolea mia mbili huku akilia. Yule jamaa wa uwanja wa mpira anayetokwa na machozi kabla Sandra hajamaliza sentensi, mimi nilimpata, anauza mkaa. Cotillard aliteuliwa kuwania Oscar kwa kazi hii. Kura ilivyokwenda sitasema.

Mdogo wangu anaona filamu hizi zimepungukiwa na muziki. Hakuna muziki hata kidogo wa kukuambia lini ulie, ukiacha nyimbo wanazozisikia wahusika wenyewe, kama za redio ndani ya gari. Mimi ndivyo ninavyotaka, yeye bado ananinunia.

Jumapili narudi Kibuye na diski ya yoga. Mwuzaji ameniambia kwa simu kwamba huenda L'Enfant iko kwenye kasha la yoga, ambalo alishamuuzia mwalimu mmoja wa Ahero, na kwamba mwalimu huyo hupita sokoni kila wiki kuuza mayai.